Julai 25: siku isiyoambiwa "Heri"

Kila Julai 24 jioni, mkesha wa Siku ya Mashujaa ya Tanzania, magrupu ya WhatsApp ya Moshi na Arusha hupata mambo mawili kwa mpigo. Kuna anayeuliza kama kesho kuna kazi, na kuna anayetuma "Heri ya Siku ya Mashujaa" iliyopambwa kwa maputo na fataki. Kisha unafuata ubishi. Mmoja anasema Mashujaa ni Oktoba, mwingine anashikilia Septemba mosi, wa tatu anauliza Mwenge utapita barabara gani ili akwepe foleni. Kila mmoja ameshika kipande cha ukweli, ndiyo maana ubishi hauishi.

Tuanze na maneno, maana mkanganyiko wote umekaa humo. Siku ya mapumziko ni siku ambayo sheria inampa mfanyakazi ruhusa ya kutokwenda kazini: Mei Mosi, Saba Saba, Nane Nane. Sikukuu ni siku ya furaha: Idi, Krismasi. Siku ya kumbukumbu ni siku ambayo taifa linawataja wafu wake. Siku moja inaweza kubeba sifa mbili kati ya hizo. Aprili 7, siku aliyouawa Sheikh Abeid Karume mwaka 1972, na Oktoba 14, siku aliyofariki Mwalimu Nyerere mwaka 1999, ni za kumbukumbu na pia ni za mapumziko. Julai 25 ni ya kumbukumbu tu. Haimo kwenye orodha ya mapumziko ya kitaifa, kwa hiyo ikiangukia siku ya kazi, kazi ipo.

Kwa nini isiambiwe "Heri"? Fikiria arobaini. Watu wanakuja, sufuria zinapanda mafigani, mbege inamiminwa kwa wanaoitumia, watoto wanacheza nje, na jioni watu wanacheka wakikumbuka vituko vya marehemu. Mgeni anayepita barabarani anaweza kudhani ni harusi. Lakini hakuna anayeingia getini na kumwambia mjane "Heri ya arobaini". Anasema pole, anakaa, na jina la marehemu linatajwa. Siku ya Mashujaa ni arobaini ya taifa inayorudi kila mwaka. Ukitaka kutuma ujumbe, andika "Tunawakumbuka mashujaa wetu" au "Mungu awarehemu". Inatosha kabisa.

Sasa tarehe. Wanaosema Oktoba wanaitaja siku ya jirani. Kenya ina Mashujaa Dei, Oktoba 20, na huko ni mapumziko kamili. Zamani iliitwa Siku ya Kenyatta, kukumbuka kukamatwa kwa Jomo Kenyatta na wenzake mwaka 1952, na Katiba ya 2010 ikaipanua iwe ya mashujaa wote. Ukiishi karibu na Namanga au Holili, ukasikiliza redio za pande zote mbili, kuchanganya ni rahisi. Wanaosema Septemba mosi wanaitaja siku ya kuzaliwa kwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ): jeshi hilo liliundwa Septemba 1, 1964, baada ya maasi ya Tanganyika Rifles, jeshi lililorithiwa kutoka kwa wakoloni, ya Januari mwaka huo. Hiyo ni siku ya jeshi lililo hai. Julai 25 ni ya waliokufa.

Mwenge nao ni miwili. Mwenge wa Uhuru ndio uliopandishwa kileleni Kilimanjaro na Luteni Alexander Nyirenda usiku wa kuamkia Desemba 9, 1961, na ndio unaokimbizwa mikoani kila mwaka. Mwenge wa kumbukumbu ya mashujaa hauendi popote. Unawashwa saa 6 usiku wa Julai 24 kwenye mnara, unawaka siku nzima, unazimwa saa 6 usiku wa Julai 25. Hausababishi foleni Moshi wala Arusha. Ni kama taa inayoachwa ikiwaka kwenye chumba cha msiba.

Katika maadhimisho ya kitaifa, ambayo miaka ya karibuni yamekuwa yakifanyika Dodoma, jambo la kutazama kwa makini ni vitu vinavyowekwa mnarani. Wengi hutazama gwaride tu, wakavikosa. Rais huweka mkuki na ngao. Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi huweka sime. Kiongozi wa mabalozi huweka shada la maua. Meya huweka upinde na mshale. Mwakilishi wa wapiganaji wa zamani huweka shoka. Halafu viongozi wa dini mbalimbali huomba dua na sala, kila mmoja kwa utaratibu wa imani yake.

Hebu tazama orodha hiyo tena. Hakuna bunduki. Jeshi lenye vifaru linaweka sime. Silaha hizo ni za watu waliopigana kabla hatujawa na jeshi linaloitwa letu: Wahehe wa Mkwawa waliokipiga kikosi cha Wajerumani pale Lugalo Agosti 1891, na watu wa kusini waliopigana Maji Maji kuanzia 1905 hadi 1907. Kwa hiyo dhana kwamba siku hii ni ya wanajeshi pekee inajibiwa na vitu vyenyewe vilivyowekwa chini ya mnara. Anayekumbukwa ni kila aliyekufa akiilinda ardhi hii, avae gwanda au lubega.

Huku Kaskazini mfano uko jirani. Machi 2, 1900, Mangi Meli wa Old Moshi alinyongwa na Wajerumani pamoja na viongozi wengine wa Wachaga, Wameru na Waarusha. Mabaki ya wengi wao hayakuzikwa vihambani, kwenye mashamba ya ukoo. Septemba 2023 taasisi ya makumbusho ya Berlin ilitangaza kwamba vipimo vya vinasaba vilikuwa vimeoanisha baadhi ya mafuvu yaliyoko huko na ndugu walio hai huku kwetu. La Meli mwenyewe halikuwamo. Kwa jamii inayozika watu wake nyuma ya nyumba, ikapanda isale, mmea wa heshima kwa Wachaga, pale, ikajua kaburi la babu wa babu, mtu asiye na kaburi ni jeraha lililo wazi.

Baada ya hao wanafuata wa vita vya karne iliyopita. Vita vya Kagera vilianza Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalipovuka mpaka. Kampala ilichukuliwa Aprili 11, 1979. Wanajeshi na wanamgambo waliokufa huko wengi wamelala Kaboya, wilayani Muleba. Moshi ina uzi wake katika vita hivyo: ndipo Waganda waliokuwa uhamishoni walipokutana Machi 1979 kuunda chama cha kushika nchi baada ya Amin. Kisha wapo walinda amani. Julai 13, 2013 Watanzania 7 waliuawa Darfur, Sudan. Desemba 7, 2017 askari 14 wa JWTZ waliuawa katika shambulio moja kwenye kambi ya Semuliki, mashariki mwa Kongo. Baadhi ya watoto wao bado wako shuleni leo. Anayesema mashujaa ni habari za kale hajafikiria darasa hilo.

Kuna kundi moja linalosahaulika kuliko yote, na hapa tutakaa kidogo, kwa sababu vita vyake vilipita mlangoni kwetu.

Vita Kuu ya Kwanza kwa eneo hili haikuwa habari ya Ulaya. Novemba 3, 1914 risasi zililia Longido. Mwaka mmoja na nusu uliofuata, Moshi, mwisho wa reli ya kutoka Tanga, ilikuwa ngome ya Wajerumani ya kaskazini. Machi 1916 jeshi la Waingereza chini ya Jenerali Smuts lilipigana vilima vya Latema na Reata karibu na Taveta, likaingia Moshi, na Machi 21 likapigana tena Kahe. Wajerumani wakarudi nyuma kusini, na vita vikawafuata hadi Msumbiji na Rhodesia ya Kaskazini. Dunia inaadhimisha Novemba 11, 1918 kuwa mwisho wa vita hivyo. Huku kwetu jeshi la Wajerumani lilisalimu amri Novemba 25, wiki mbili baadaye: habari ililifikia porini siku mbili tatu baada ya Novemba 11, kisha likatembea hadi Abercorn, Rhodesia ya Kaskazini, kukabidhi silaha.

Nani alibeba vita hivyo? Reli zilikuwa chache, mbung'o wakaua farasi na ng'ombe, magari yakazama matopeni. Ikabaki shingo ya mwanadamu. Mpagazi alibeba takriban kilo 25. Leo mpagazi wa mlimani, mgumu kama tunavyomwita, anapimiwa mzigo getini Machame au Marangu na kikomo ni kilo 20, ukizidi, unapunguzwa. Anapanda siku sita au saba, ana koti, ana viatu, ana supu jioni, na bado kila anayemwona anasema kazi hiyo ni nzito. Ongeza kilo tano. Ondoa koti na viatu. Badala ya wiki, weka miezi.

Kisha piga hesabu ya chakula, kwani hiyo ndiyo iliyoua. Mpagazi anahitaji kama kilo moja ya unga kwa siku. Akibeba unga, mzigo wake wote ni chakula chake cha siku 25. Lakini lazima arudi. Kwa hiyo akitembea siku 12 kwenda na 12 kurudi, amekula karibu kila alichobeba na hajamfikishia askari hata kibaba. Njia ikirefuka, wapagazi wanaongezwa. Wapagazi wakiongezwa, chakula kinazidi kupungua, na posho ya kila mmoja inakatwa. Unga wenyewe mara nyingi ulipikwa haraka, ukaliwa mbichi nusu, na watu waliozoea ndizi au mtama matumbo yakakataa. Kuhara damu, malaria na homa ya mapafu vikamaliza wengi kuliko risasi. Vifo vya wapagazi vilivyoandikwa upande wa Waingereza peke yake vinazidi 40,000, na wanahistoria wanakadiria kwamba idadi halisi ilikaribia au kuzidi 100,000. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, linatokana na jina la kikosi chao, Carrier Corps.

Majina yao yako wapi? Katikati ya Dar es Salaam ipo Sanamu ya Askari, iliyozinduliwa mwaka 1927. Maandishi yake, ya Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza, yanawataja wapagazi kuwa miguu na mikono ya jeshi, na yanaahidi kwamba anayeipigania nchi yake, hata akifa, watoto wake watalikumbuka jina lake. Ukiizunguka sanamu nzima, hutaona jina hata moja. Halikuwa kosa la fundi. Uamuzi ulifanyika kwamba askari wa Kizungu wapate jiwe lenye jina kila mmoja, na Waafrika wengi wapate ukumbusho mmoja wa jumla. Makaburi ya njiani yakaachwa yamezwe na pori. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilichapisha ripoti kuhusu uchunguzi wake yenyewe, ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, ikaomba radhi. Moshi yapo makaburi ya vita hivyo yanayotunzwa na Tume hiyo. Ukiyatembelea, soma majina yaliyopo, halafu uwafikirie waliowabebea hao maji na risasi.

Ubishi mmoja mgumu hujitokeza hapa, na ni halali: je, askari Mwafrika aliyepigania Mjerumani, na mwenzake aliyepigania Mwingereza, wakauana Kahe kwa ajili ya wafalme wasiowajua, ni mashujaa wa Tanzania? Msimamo wa makala haya ni kwamba mpagazi aliyekamatwa njiani akafungwa kamba hakuchagua upande, na kumkumbuka si kuusifu ukoloni. Msibani hatumuulizi marehemu alikuwa chama gani kabla ya kuchimba kaburi.

Sasa, siku ya namna hii hugeukaje kuwa siku ya starehe? Marekani ni mfano mzuri wa kujifunza, na watu wa Arusha wanaofanya kazi na wageni huuona kila Mei ikiisha: simu zinajaa matangazo ya punguzo la bei la Memorial Day. Siku hiyo ilianza kwenye makaburi. Mwaka 1868, baada ya vita vyao wenyewe kwa wenyewe, Jenerali John Logan aliagiza Mei 30 iwe siku ya kuweka maua kwenye makaburi ya askari waliokufa. Kwa miaka mingi iliitwa siku ya kupamba makaburi. Jina lenyewe lilikuwa agizo: nenda, beba maua. Mwaka 1968 Bunge lao lilipitisha sheria ya kuhamishia sikukuu kadhaa Jumatatu, na kuanzia 1971 siku hii ikawa Jumatatu ya mwisho ya Mei, ili watu wapate siku tatu mfululizo. Hapo ikaunganishwa na mwanzo wa majira ya joto, nyama choma na safari. Watu wakapata nafasi zaidi ya kupumzika, na sababu ndogo zaidi ya kukumbuka. Ilipofika mwaka 2000 ikabidi itungwe sheria nyingine ya kuwaomba wasimame kimya kwa dakika moja saa 9 alasiri.

Hata hivyo yapo mahali ambapo tendo limebaki. Kwenye makaburi ya Arlington, askari hupita siku chache kabla na kuchomeka bendera ndogo mbele ya kila jiwe, zaidi ya 200,000. Umbali haupimwi kwa rula. Askari anaweka buti mbele ya jiwe, na bendera inachomekwa umbali wa urefu wa buti moja, katikati kabisa. Kila kaburi linaguswa na mtu mmoja, kwa mguu wake mwenyewe. Kumbukumbu ikikosa kazi ya mikono kama hiyo, huyeyuka hata kama tarehe imeandikwa kwa herufi kubwa.

Kwetu tatizo limekaa kinyume. Tarehe haijahamishwa, mnara upo, ila nyumbani hakuna cha kufanya. Na Aprili 7 au Oktoba 14, ambazo tumepewa nafasi ya kutulia, magari hujaa kuelekea chemchemi za Chemka kuogelea. Hakuna ubaya kuogelea. Ubaya ni jioni kufika bila jina la marehemu kutajwa hata mara moja.

Ya kufanya yapo, tena hayana gharama. Ukiwa na mzee wa familia aliyefia jeshini na kaburi lake liko kihambani, usingoje Desemba watu wanaporudi nyumbani. Kaburi la jiwe au zege lioshwe hivi: ndoo mbili za maji safi, brashi laini, basi. Fagia vumbi kwanza likiwa kavu. Lowanisha jiwe lote, kisha sugua kuanzia chini kwenda juu, kwa sababu maji machafu yakitiririka kwenye jiwe kavu huacha michirizi isiyotoka. Suuza mpaka maji yatoke meupe. Usitumie Jik wala asidi ya kuoshea vigae: chumvi zake huingia ndani ya jiwe, na likikauka zinakua na kubandua uso pamoja na herufi. Brashi ya waya nayo inakwangua jina unalotaka kulisoma. Kuvu wa kijivu usimkwangue kwa kisu. Mloweshe, mwache, rudia baada ya wiki. Mashada ya plastiki yaondolewe yakipauka, maana waya wake hushika kutu na kutu hudondokea jiwe. Makaburi yanayotunzwa na Tume usiyaoshe mwenyewe. Weka maua, soma majina kwa sauti, ondoka.

Kazi kubwa zaidi haimngojei mtu. Kijana aliyekuwa na miaka 18 akipigana Burma katika Vita Kuu ya Pili, mwaka 1944, leo angekuwa na karibu miaka 100. Aliyekuwa na miaka 20 akivuka Mto Kagera anakaribia 70. Wao ndio wanaojua nani alianguka wapi. Mkalishe chini mzee wako, weka simu irekodi, na umuulize kwa mpangilio huu: jina alilojiandikisha nalo, maana wengi waliandikishwa kwa jina la ubatizo au la baba tu, namba ya jeshi, kikosi, mahali alipoapishwa, majina ya wenzake waliokufa na kijiji cha kila mmoja. Swali hilo la mwisho ndilo la thamani, na ndilo linalochosha, kwa hiyo likija na machozi zima simu, rudi kesho.

Picha za zamani ziandikwe nyuma kwa penseli laini, si kwa kalamu ya wino, ambayo hupenya na kutokea usoni baada ya miaka. Ukitafuta jina kwenye orodha ya Tume mtandaoni, ambayo ni bure, jaribu kila tahajia: makarani wa Kizungu waliandika walichosikia, na mara nyingi waliandika jina moja na la baba kwa "bin". Anza na kikosi na mwaka wa kufa, ndipo ushuke kwenye jina. Ukilipata, liandike kwenye daftari la ukoo kwa tahajia mbili, ya karani na ya nyumbani, ili mjukuu atakayelitafuta Julai 25 nyingine asianze upya.